Jumamosi Niliyomwahidi Jeremi

Wewe uliyelishika daftari hili bila mimi kujua, nakuomba kwa jina la Mungu, lifunge hapa. Kama umeshasoma, basi yaishie machoni pako. Usimsimulie dada yako, usimuulize mtu kanisani. Mimi si mtu wa maana. Lakini humu ndani kuna mtoto, na neno moja likitoka linaweza kumharibia maisha. Lichome. Nitakushukuru hata nisipokujua.

Jumatatu, 1 Septemba

Watu walijaa mlangoni kabla hatujafungua. Ni wakati wa shule. Kila mkurugenzi wa shule anadai karatasi ya kuzaliwa, na watoto wengi wa mji huu hawana. Nimeandika tangu asubuhi. Jina. Siku. Mahali. Baba. Mama. Anayetangaza. Nikikosea kidogo naanza karatasi upya. Muzee Bahati anafuta tu kwa wembe na kuendelea. Ameandikisha vizazi, ndoa na vifo katika biro hii, ofisi ya serikali, tangu kabla ya vita. Mimi nina mwaka mmoja na nusu, na bado naogopa muhuri.

Mashine ya kuandikia imekwama tena. Fundi akaitwa. Fundi ni Jeremi. Aliifungua, akapuliza vumbi, akaifunga. Dakika tano. Muzee Bahati akatazama dari.

"Mamuzeli Riziki, hii mashine haina ugonjwa. Ni weye unaigonjesha."

Jeremi alicheka. Mimi nikapiga muhuri kwenye karatasi ambayo haikuwa tayari.

Miezi mitano sasa, mimi na yeye. Hakuna anayejua isipokuwa Muzee Bahati, ambaye hakuambiwa.

Jumatano, 3 Septemba

Tulitembea mpaka nyuma ya kanisa. Ananishika mkono tu, tena njia ikiwa tupu. Nilikuwa nimejiwekea sheria: si kabla wazee wake hawajaja kujitambulisha kwetu. Lakini wazee wake wako upande wa Gety, kusini. Mwezi wa sita njia ilikuwa mbaya. Mwezi wa saba askari. Mwezi wa nane mvua. Daima mwezi ujao.

Nimechoka kungoja amani ya watu wengine ili niishi yangu.

Nataka. Nimeliandika neno hilo na kulitazama. Halikufutika.

Nikamwambia: Jumamosi ya tarehe kumi na tatu, saa nane mchana, chumbani kwako. Ni mimi niliyesema, si yeye.  Halafu akasema, "Sawa."

Sikuipenda ile sawa. Ilikuwa kama ya mtu anayekubali kwenda hospitali.

Ijumaa, 5 Septemba

Tulikwenda kupima damu, kila mtu kwa mlango wake. Sote tuko salama. Niliisoma karatasi mara tatu.

Njiani nikamuuliza kama amewahi kuwa na mwanamke.

"Hapana. Weye?"

"Hapana."

Nilimwamini. Moyo ulitulia, karibu furaha. Sijui kwa nini naandika karibu.

Jumapili, 7 Septemba

Leo kuna ndoa iliyobarikiwa bila shela. Bibi harusi ana mimba ya miezi minne. Mchungaji aliifanya baada ya ibada, watu wakiwa wanatoka, milango wazi. Bibi harusi alisimama kichwa wazi na macho chini. Nilimwandikia mimi karatasi yake ya ndoa wiki iliyopita. Kwenye karatasi hakuna pa kuandika shela.

Naishi kwa Mama Mudogo, mdogo wa mama yangu, mtaa wa Lumumba. Alinibana jikoni, kwa kuwa nyumbani Butembo wamenikabidhi kwake.

"Umeona ule? Ameingia kama mutu anaenda kununua chumvi. Weye ukinifanyia ile, mimi sitakuja. Nitasema nina malaria."

Nikasema mimi sina mtu.

"Uko na mutu. Unaoga mara mbili kwa siku."

Jumanne, 9 Septemba

Saa nne asubuhi mlio sokoni. Watu wote wakakimbia. Mama mmoja aliacha mtoto wake juu ya meza yangu na kurudi kumchukua akiwa amefika barabarani. Tulifunga madirisha. Nusu saa baadaye tukajua ni gurudumu la lori lililopasuka. Tukafungua. Watu wakarudi kwenye foleni, kila mmoja mahali pake, bila kugombana. Hiyo ndiyo amani yetu. Tunajua kupanga foleni baada ya kukimbia.

Wakati wa vita nilikuwa na miaka kumi na saba na nililala na viatu miezi mitatu. Nafikiri mwili wangu bado umevaa viatu. Nataka Jumamosi. Naogopa Jumamosi. Naogopa mimba, naogopa Mama Mudogo, naogopa nisisikie kitu chochote, naogopa nisikie sana.

Jumatano, 10 Septemba

Nimefanya jambo baya.

Kuna kanuni moja Muzee Bahati aliyonifundisha siku ya kwanza: kitabu hakifunguliwi bila mwombaji kusimama mbele ya meza. Leo alitoka kwenda kula. Nikatafuta jina la Jeremi. Nilijiambia nataka tu kujua siku yake ya kuzaliwa, nimpe shati. Uongo. Nilitaka kuwa na hakika. Mimi ni mtu anayetikisa mlango mara tatu baada ya kuufunga.

Sikumpata kati ya watoto. Nilipoendelea na vitabu vya baadaye, nilimpata kati ya akina baba.

Imani, wa kike. Baba: Jeremi, miaka kumi na tisa, mkulima. Mama: Estela, miaka kumi na sita, wa kijiji kimoja na baba. Anayetangaza: baba. Sahihi ni yake. Naiona kila anapotengeneza mashine.

Kijiji kimoja. Nilisoma maneno hayo na kuwaona: wasichana wa kijiji, kisima, shamba la muhogo, yeye na Estela. Mtoto ana miaka sita sasa. Na umri hauelewani. Mwaka ule Jeremi alikuwa na miaka kumi na saba, kama aliniambia kweli. Basi hata umri alinidanganya.

Nilirudisha kitabu. Mikono ilinuka karatasi ya zamani mpaka jioni.

Alhamisi, 11 Septemba

Sikula. Mama Mudogo alinishika kipaji cha uso akitafuta homa.

Si mtoto anayeniumiza. Nusu ya mji huu wana watoto wa kabla. Kinachoniumiza ni "hapana" yake. Aliitoa haraka na kwa upole. Ningemvulia nguo mtu ambaye anaweza kusema hapana namna ile.

Jumamosi, 13 Septemba

Nilikwenda. Si kulala naye. Nilikwenda kuuona uso wake.

Amepanga chumba nyuma ya nyumba ya mjane, Mama Salome, ambaye alikuwa uani akichambua maharage na akajifanya hanioni. Ndani alikuwa amefagia. Shuka jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Fanta mbili ndani ya ndoo ya maji. Sehemu za mashine zote amezipanga kwenye kona na kuzifunika kwa taulo, kama watu wasiotakiwa kutuona. Hilo taulo lilitaka kunivunja moyo. Nikaushupaza.

Sikuketi. Nikasema:

"Imani hajambo?"

Alikuwa ameshika kifungulio cha chupa. Akakiweka chini polepole.

"Nani alikuambia jina lile?"

"Kitabu."

"Ulinitafuta mu kitabu."

"Uliniambia hapana, Jeremi. Barabarani, macho makavu."

 Aliuliza jambo moja tu: nani mwingine amesoma. Nikasema hakuna. Akauliza tena. Nikasema tena hakuna. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Akaenda akafungua mlango.

"Rudi kwenu, Riziki. Kungali mwanga."

Niliiona hofu yake na nikafurahi. Nikajiambia, mwongo amekamatwa. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa na haki yote.

Jumapili, 14 Septemba

Sikuimba.

Jumatatu, 15 Septemba

Muzee Bahati anajua vitabu vyake kama mama anavyojua watoto waliolala. Kitabu cha mwaka ule kilikuwa kimerudishwa kichwa chini. Akauliza. Sijui kusema uongo kazini, kwa hiyo nikasema kweli, na nikasema pia niliyoyakuta.

Alifunga mlango. Nilidhani ananifukuza.

"Weye umesoma mupaka diplome. Umeandika kitabu mwaka mumoja na nusu. Na unaamini ile kitabu?"

Sikuelewa.

"Unafikiri kila baba mule ndani alilala na mwanamuke? Mimi mwenyewe niko baba ya watoto wawili ya marehemu jirani yangu. Muke wangu alinicheka wiki muzima."

Halafu sauti ikashuka. Akaniambia yeye ndiye aliyeandika ule ukurasa. Jeremi alikuja akiwa amevaa koti la mtu mwingine, mikono inafunika vidole. Mara ya kwanza alimkatalia.

"Nikamuuliza, una miaka ngapi? Dix-neuf. Kumi na tisa gani, hata ndevu moja haiko! Akarudi kesho yake. Na keshokutwa. Siku ya tatu akaniambia yote. Estela ni dada yake. Tumbo moja. Alikufa wiki mbili kiisha kuzaa. Nikaandika dix-neuf."

Nikauliza baba wa mtoto ni nani.

"Alikuwa na bunduki. Usiniulize ya upande gani. Hata Estela hakuchagua kumujua."

Akaweka kitabu mahali pake, sawasawa.

"Kama ningeandika baba hajulikani, mwaka ule, mutoto wa kule, kila mutu angejua. Wangemuita mutoto ya adui mupaka azeeke. Siye tuliandika hivi wengi. Ni kazi tulifanya. Na weye unaenda kumuhukumu mutu na kazi yangu."

Jumanne, 16 Septemba

Majina yetu hayafanani hata kwa ndugu wa tumbo moja. Kila mtu hapa anajua. Mimi ninayeandika majina kutwa nzima najua zaidi ya wote. Kijiji kimoja. Umri ulioongezwa. Mama hajaja kutangaza. Nimeona wajomba wakija hivyo tangu nianze kazi. Nimewaandika baba bila kuuliza, na nimejiona mwema. Ilipofika kwa mwanaume wangu nikasoma kama polisi.

Jeremi hakunidanganya. Hapana yake ilikuwa hapana.

Aliogopa, siku ile. Sasa najua aliogopa nini. Mimi.

Jumatano, 17 Septemba

Nilimngoja kwenye kona ya karakana anapochukua vipuri. Niliomba msamaha kabla ya salamu. Watu walitutazama.

Tulikwenda nyuma ya kanisa. Hakunishika mkono. Alisema bibi yake mzaa mama na Imani walihamia Gety, ambako hakuna anayewajua, na huko Imani ni mtoto wa Jeremi aliyefiwa na mke, basi. Imani anamwita papa. Hajui lolote. Hatajua mpaka atakapoweza kulibeba.

"Ningekuambia," alisema. "Lakini si kabla ya harusi. Hii si habari yangu peke yangu."

Nikasema naelewa. Nikauliza, nikiwa nimejikaza, kwa nini alisema sawa namna ile, kuhusu Jumamosi.

 Nitaandika jibu lake lilivyo, nisilipambe.

"Weye ulikuwa na haraka na mimi nikaona haya kusema. Mwanaume hasemi bado. Siku walimuchukua Estela nilikuwa ndani ya ile nyumba. Nilisikia. Mimi nikikaribia mwanamuke, nasikia tena. Nakupenda, Riziki. Lakini mikono yangu, naiogopa."

Miezi mitano nimehesabu siku zangu, sheria zangu, hofu zangu. Nilidhani mlango ni wangu peke yangu na yeye yuko nje anangoja nifungue. Sikuwahi kumuuliza kama yuko tayari. Hakuna anayewauliza wanaume.

Nilitaka kumshika. Sikumshika. Nilisimama karibu tu, mpaka mvua ikatufukuza.

Ijumaa, 19 Septemba

Milio upande wa kusini, watu wa njia wanasema. Safari hii si gurudumu. Wanaofika kutoka vijiji vya Gety wana magodoro kichwani.

Jeremi alipita biro saa tano. Mbele ya watu wote akasema mashine ikikwama nitafute fundi mwingine, yeye anasafiri. Muzee Bahati akamwambia, "Enda, kijana, urudi na miguu yote mbili." Nilimsindikiza mpaka ukumbini. Anakwenda kumchukua Imani na bibi. Nilisema njia imefungwa. Alisema anajua.

Hatukuwa na pa kuagana. Nilimfunga kifungo cha koti. Hilo ndilo tulilofanya.

Jumatatu, 22 Septemba

Hakuna habari.

Jumanne, 23 Septemba

Hakuna. Nimeandika vifo viwili leo na kila mara nilisoma jina kwanza kwa jicho moja.

Alhamisi, 25 Septemba

Mama Salome amesema sokoni. Mama Mudogo alirudi na kikapu kitupu, hakununua kitu, alikuja na hasira tu.

"Umefika mu chumba ya mwanaume. Mchana kweupe."

Nikasema sikuketi hata. Dakika kumi.

"Dakika kumi inatosha! Mimi nimezaa mara saba, usinifundishe dakika."

Kwa hiyo nimeshafanya. Kwa mji, kwa kanisa, kwa Butembo watakaposikia. Nimengoja, nimehesabu, nimepima damu, na jambo limekwisha amuliwa na mwanamke anayechambua maharage. Nilitaka kucheka na nikalia.

Akauliza ni wa wapi. Nikamwambia: upande wa kusini, kwenye milio. Akashika kichwa. Akauliza wazee wake wako wapi. Nikasema njia imefungwa. Halafu akakaa kwenye kigoda na kuuliza polepole, kama anayetafuta kidonda:

"Na watoto? Mutu wa miaka ile. Ana mutoto?"

Nilikuwa na jibu ambalo lingemsafisha Jeremi kabisa. Ni mjomba. Ni mtu mwema. Hajagusa mwanamke. Lilifika mpaka kwenye ulimi. Mama Mudogo ananipenda, naye ana rafiki kumi na wawili sokoni, na kila mmoja ana wake.

Nikasema, "Ana mmoja. Wa kike."

"Na mama yake?"

"Alikufa."

"Basi alikuwa na muke, na weye unapewa mabaki." Akasimama. "Na bado unamutaka."

"Ndiyo, Mama."

Alitema mate uani. Amesema nisitoke isipokuwa kazini na kanisani. Amesema ataandika Butembo wanirudishe. Najua ataandika. Ni mtu wa neno lake.

Sijajuta. Nimekaa hapa, nimefungiwa, na sijajuta.

Ijumaa, 26 Septemba

Familia tatu zimefika leo kutoka Gety kuomba karatasi. Niliwauliza wote, kwa maneno ya kikazi. Mmoja aliona kijana mwenye koti akivuka mto na mwanamke mzee. Hakumbuki kama kulikuwa na mtoto. Nilimuuliza mara tatu. Muzee Bahati aliniondoa mezani na kuniandikia foleni yangu yote.

Jumapili, 28 Septemba

Asubuhi tulivu. Mama Mudogo hajanisemesha, lakini ameniwekea chai.

Kuna dereva wa lori la muhogo anayejaribu njia kesho. Muzee Bahati anamjua. Nimempa barua. Siwezi kuandika mengi, inaweza kufunguliwa. Nainakili hapa, ili nijue nilichoahidi.

*Jeremi. Ile Jumamosi imekwisha, usiifikirie. Sikuwekei nyingine. Siku ukiwa tayari utaniambia, na siku mimi nikiwa tayari nitakuambia, na kama hazikutani tutakaa tu. Nimeulizwa kuhusu Imani, nikajibu kama ilivyoandikwa.*

*Ukirudi, usipitie kwa Mama Salome, amekwisha pangisha chumba. Vitu vyako viko biro, nyuma ya kabati. Usije nyumbani peke yako, utafukuzwa. Siku za kazi niko mezani mpaka saa tisa. Zunguka upande wa bomba la maji, dirisha la pili, gonga kioo kwa kidole, Muzee Bahati atatoka kuvuta sigara asiyovuta. Jumatano kuna mazoezi ya kwaya saa kumi, mimi hukaa benchi la mwisho upande wa wanawake, karibu na mlango. Kama nimerudishwa Butembo, muulize yeye, atakuwa na mahali nilipo.*

*Lakini ukija na mtoto, usizunguke popote. Njoo nyumbani mchana, kwa mlango wa mbele, umemshika mkono. Sema unamtafuta Riziki. Nitatoka mwenyewe.*